Viatu Vilivyotazama Barabara

Viatu vilikuwa vimepangwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera Konstebo wa upelelezi Zilpah Ogutu. Vilikuwa buti za kazi za ngozi ya kahawia, zimewekwa sambamba ukingoni, katikati ya daraja la zamani, soksi zimekunjwa na kutumbukizwa ndani. Mtu anayetaka kujitupa mtoni, jamani, anakunja soksi za nini?

"Ndivyo wanavyofanya," alisema Sajini Gitau. "Wanavua viatu, wanaruka. Nimeyaona mengi ya hivi."

"Simu yake iko wapi?"

"Mfukoni, bila shaka. Wapiga mbizi watampata nayo."

"Na barua?"

"Si kila mtu anaandika barua, Zilpah."

Chini yao mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ulikuwa unapanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko milimani. Daraja la zamani lilikuwa fupi na limeinama karibu na maji, na kila mafuriko yalipokuja lilizama, wakazi wa ng'ambo wakakaa siku kadhaa kama watu wa kisiwani. Ndiyo maana serikali ilijenga lingine. Hilo jipya lilisimama upande wa chini wa mto, refu, jeupe, limejaa bendera, kwa sababu alasiri hiyo hiyo lilikuwa linafunguliwa. Watu wangelivuka kwanza kwa miguu, na mbele yao wangetangulia wafanyakazi waliolijenga. Aliyechaguliwa kuwaongoza wafanyakazi hao alikuwa Mkongo mmoja wa Doonside, magharibi mwa Sydney, msimamizi wa mafundi wa nondo, jina lake Symphorien. Viatu vilikuwa vyake. Yeye mwenyewe hakuonekana tangu jana jioni.

"Tuna shahidi," Gitau aliendelea. "Rafiki yake, Patient. Wanasali kanisa moja. Jana jioni alikuwa juu ya daraja jipya akiangalia mahali kwaya itasimama. Akamwona Symphorien hapa, peke yake, ameshika ukingo. Leo asubuhi aliposikia hajarudi nyumbani, akatupigia simu. Nimeshawapanga wapiga mbizi kutoka hapa kwenda chini. Jioni maji yatafunika daraja hili, kwa hivyo tuna mchana huu tu."

"Sawa, Sajini."

Neno hilo, Sajini, lilikuwa linamkwama Zilpah kooni kama mwiba wa samaki. Gitau alipotua Sydney, ni Zilpah aliyempokea uwanja wa ndege, akiwa amembebea blanketi kwa kuwa alijua Julai ya huku haina mchezo. Alimlaza kwenye kochi lake pale Rooty Hill. Alimfundisha kuendesha gari. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba polisi wanatafuta watu wanaojua lugha, na akamfanyisha mazoezi ya mtihani mpaka akapita. Sasa kijana amempita cheo. Mwezi uliopita walimfanyia sherehe kwenye ukumbi mmoja Bankstown, naye akasimama kushukuru. Alimshukuru Mungu, mama yake, mchungaji, mwalimu wa jimu. Zilpah alingoja na tabasamu lake limekaa sawa. Gitau alipofika kwa jirani aliyemwazima ngazi, Zilpah alibeba mkoba wake akatoka nje. Ulikuwa wivu? Ndiyo, wivu mtupu, na hakuwa na haja ya kuutafutia jina zuri.

Kabla ya kuondoka alivipiga viatu picha, kutoka pande zote. Visigino vilikuwa vimeelekea maji. Pua za viatu zilitazama barabara.

*

Bibiane, mke wa Symphorien, alimfungulia mlango akiwa na kitenge kiunoni na macho yamevimba. Nyumba ilikuwa imeshajaa watu wa kanisa. Mtoto mdogo alikuwa kwenye zulia akitazama katuni, na mama yake alipomwambia asalimie, alijibu "hai" bila kugeuka.

Zilpah aliomba wazungumze jikoni. Bibiane alifunga mlango.

"Mama polisi, bwana yangu haiko mutu wa kujiua. Hapana. Mukitaka kumutafuta, mumutafute kwa ule mwanamuke."

"Mwanamke gani?"

"Jacky! Mukenya wenu! Anashika kibao pale barabarani ya kusimamisha magari. Kila asubuhi anakuja kumuchukua na gari yake, pii pii, hapa mbele ya mulango. Ati wanafanya kazi pamoja. Mi sina gari? Mi siwezi kumupeleka?"

"Umewahi kumuuliza mumeo?"

"Anacheka. Mutu akicheka, si kuna kitu?"

Zilpah aliandika jina la Jacky. Wivu wa Bibiane ulikuwa wa wazi na wenye sauti, na wa namna hiyo mara nyingi hauna sumu. Hata hivyo alijua ni lazima aufuate. Alitoa simu akamwonyesha picha.

"Hivi ni viatu vyake?"

Bibiane alivitazama, mkono mdomoni. Halafu akaishika simu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nani alivigeuza?"

"Kuvigeuza vipi?"

"Viatu viko natazama barabara." Aliweka simu juu ya meza, akavua kandambili zake mwenyewe, akaonyesha. "Ona. Kwetu, kwa kanisa yetu, mutu akienda kusali sala kubwa, ama kubatizwa, anavua viatu. Anaviacha vile amefika, vinatazama mahali anaenda. Yeye hatavigeuza. Parrain wake njo anavigeuza, vitazame njia ya kutoka. Ile mutu akimaliza, anavaa, anaenda mbele. Hageuke nyuma tena."

"Parrain ndiye mdhamini wake wa ubatizo?"

"Ndiyo. Baba yake wa ubatizo."

"Na mtu akivigeuza mwenyewe?"

Bibiane alimtazama kama aliyeulizwa swali la mtoto. "Ni kama kujibatiza wewe peke yako. Hakuna mutu wa kwetu anaweza kufanya vile. Mikono itakataa."

"Parrain wa Symphorien ni nani?"

"Patient. Njo alimupokea hapa Australia. Mi nilikuwa bado kwa kambi na batoto." Sauti ikalegea. "Maskini Patient. Alifika hapa asubuhi kabisa, alilia kunishinda."

"Kuna mahali wanapenda kusali? Nje ya kanisa?"

"Kanisa iko na piscine sasa, bwawa yake ya maji, tunabatizia mule. Zamani, mbele nifike, walikuwa na mahali kwa muto. Mi sikupaona. Batu wote wa ile wakati walihamia Perth na Brisbane, walibaki wao wawili tu. Uliza Patient, anapajua."

*

Jacky alikuwa amevaa koti la njano linalong'aa, kibao chake begani. Alikuwa amesimama mwanzo wa daraja jipya akiyarudisha magari ya watu wasiosoma matangazo. Zilpah alipomweleza anachoshukiwa, aliangua kicheko, kisha akaona aibu akaacha.

"Aki wee! Mimi na Symphorien? Dada, mimi niko na bwana, niko na mbwa wawili, niko na mama mkwe amekuja kukaa miezi sita. Nitatoa wapi hiyo nguvu? Nampatia tu lift, na njia nzima ananiimbia nyimbo za kwaya."

"Jana jioni ulimpa?"

"Nilimuuliza. Akakataa. Akasema kuna mtu anamkujia, atamrudisha nyumbani."

"Alimtaja?"

"Hapana. Lakini alikuwa na furaha, msee, unajua furaha ya mtu amepewa kitu? Alikuwa amebeba kitambaa cheupe, kimepigwa pasi. Nikamwambia, hapa kwa matope unaenda wapi na kitambaa cha arusi? Akacheka tu."

Mtu wa kujiua, mwenye furaha, na kitambaa kimepigwa pasi. Zilpah alitazama juu ya daraja.

"Njia ya watembea kwa miguu iko upande gani?"

"Ule wa kule, upande mto unaenda. Moja tu. Huku upande wa daraja la zamani ni magari peke yake."

"Jana kulikuwa na mtu huku upande wa magari?"

"Nani? Walikuwa wanapaka mistari barabarani. Rangi mbichi. Mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nafukuza watu. Kwaya walipitia ule upande mwingine."

Zilpah alishukuru akapanda darajani. Alitembea kwenye njia ya miguu hadi katikati, akasimama pale ambapo kwaya ingesimama, akageuka kulitafuta daraja la zamani. Aliona ukuta wa zege uliomfika kifuani. Baada ya ukuta, barabara pana, ukuta wa katikati, barabara nyingine, na ukuta wa mwisho. Baada ya hapo aliona vilele vya miti ya ng'ambo. Alisimama kwa vidole. Akapanda kwenye ukingo, mlinzi mmoja akampigia kelele ashuke. Alishuka. Daraja la zamani lilikuwa chini sana, limemezwa na upana wa hili jipya. Kutoka pale hungeona daraja, seuze mtu aliyesimama juu yake.

Akampigia Gitau.

"Shahidi wako hakuona kitu."

"Zilpah..."

"Njoo usimame hapa nilipo, uniambie unaona nini."

Gitau alikuja. Alisimama, akatazama, akanyoosha shingo, na yeye ni mrefu. Alirudi chini na uso umekunjamana.

"Labda alikosea mahali."

"Labda. Na labda viatu vilijigeuza." Akamweleza habari ya parrain.

Gitau aliutazama mto. Boti ya wapiga mbizi ilikuwa mbali huko chini, ndogo, ikizungukazunguka mahali pamoja.

"Unataka tu kunionyesha kwamba nimekosea," alisema.

"Nataka sana," Zilpah alijibu. "Sitakudanganya. Lakini kama nimepatia, huyu mtu hakuruka, na wewe unamtafuta upande ambao hayuko. Maji yanapanda, Gitau. Twende."

*

Patient walimkuta kwenye hema la kwaya. Alikuwa mwanamume mnene kidogo, wa makamo, joho la kwaya la buluu limemkaa vizuri, ndevu zimechongwa. Mikononi alikuwa ameshika helmeti nyeupe yenye jina la Symphorien. Wakubwa wa ujenzi walikuwa wamemwomba atangulie nayo mbele ya wafanyakazi, kwa heshima ya rafiki yake.

Walimketisha kiti cha nyuma cha gari la polisi, Zilpah kando yake, Gitau mbele nyuma ya usukani. Mvua ilianza kudondoka juu ya paa. Zilpah alimsomea haki zake: anaweza kunyamaza, atakachosema kitarekodiwa na kinaweza kupelekwa mahakamani. Akamwonyesha kamera iliyokuwa kifuani pake.

"Kaka Patient, pole sana."

"Asante, dada. Ni Mungu."

"Jana jioni ulimwona Symphorien ukiwa wapi?"

"Pale juu. Kwa njia ya miguu."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Amesimama. Anatazama maji."

"Viatu alikuwa navyo?"

"Ilikuwa mbali. Sikuona vizuri."

"Nimetoka hapo sasa hivi. Hakuonekani kitu. Ni zege na lami tu."

Patient aliipapasa helmeti. "Basi nilikuwa ule upande mwingine."

"Upande mwingine ulikuwa na rangi mbichi, na watu walifukuzwa. Aliyewafukuza nimezungumza naye."

"Labda nimechanganya. Mutu akiwa na huzuni anachanganya, dada. Vraiment."

"Kweli, hutokea. Viatu vyake nani alivigeuza?"

Mikono ikasimama juu ya helmeti.

"Viatu gani?"

"Vilivyokuwa darajani. Vilitazama barabara. Bibiane amenieleza kazi hiyo ni ya nani."

"Mi sijuwe. Sijuwe kabisa. Naweza kwenda? Kwaya inaningojea."

Zilpah alijua amefika kwenye mlango, na kwamba akiusukuma kwa bega mtu huyu angeomba wakili na kunyamaza mpaka kesho. Ilikuwa haki yake. Lakini kesho mto ungekuwa umeshamaliza kazi. Alimtazama Patient akiwa ameikumbatia helmeti ya mwenzake, akaitambua ile hali. Alikuwa nayo yeye mwenyewe tangu Bankstown.

"Hujazuiwa kutoka," alisema. "Ila nikuambie kitu kabla hujaenda. Mimi pia kuna mtu nilimpokea."

Kwenye kiti cha mbele Gitau aliacha kupumua, au hivyo ndivyo ilivyosikika.

"Nilimpokea na blanketi. Nilimlaza kwangu. Nilimfundisha gari mpaka akanivunjia taa ya nyuma. Kazi hii mimi ndiye nilimwambia aiombe. Leo yeye ndiye ananituma nami naenda. Siku walipompandisha cheo alisimama mbele ya watu akashukuru, akashukuru, mpaka jirani aliyemwazima ngazi. Mimi nimekaa pale meza ya mbele, nimetengeneza nywele. Hakunitaja."

Patient alicheka, kicheko kikavu cha puani.

"Ngazi! Huyu wangu alishukuru mupaka mutu wa kreni."

"Alishukuru wapi?"

Mvua ilipiga paa. Patient aligeukia dirisha.

"Alishukuru wapi, kaka?"

"Kwa sala."

"Sala ya lini?"

Patient aliigeuza helmeti, akalisoma jina lililoandikwa. Sauti iliyomtoka haikuwa tena ile ya mtu wa kwaya.

"Mi nilimupokea na makoti mbili, dada. Mbili! Moja yangu, moja yake. Nilimuonyesha treni. Nilimuonyesha duka la kununua unga. Kazi ya daraja, mi njo niliomba wa kwanza. Walinikataa. Nikamwambia, frère, jaribu wewe, una mikono. Wakamuchukua! Mi niko kwa ghala mupaka leo, nabeba makatoni. Yeye anakuwa msimamizi. Kila siku bibi yangu: Symphorien ameleta hii, Symphorien amefanya ile. Batoto yangu wanamuita Anko Bridge. Mi baba yao wananiita nani? Hakuna kitu."

"Jana akakuomba mkasali."

"Alisema, parrain, kesho natangulia mbele ya batu, tusali pale ulinibatizia. Nikaenda. Nilifurahi, unajua? Nilisema leo atasema. Nikavigeuza viatu vyake, akafunga macho, akaanza. Asante Mungu kwa mutu wa kreni. Asante kwa injinia. Asante kwa Jacky na gari yake. Batu wote, wote! Mi niko nyuma yake nangojea jina yangu kama mutoto anangojea mukate." Machozi yalikuwa yanashuka kwenye joho. "Nilimusukuma. Kidogo tu. Alianguka kwa mawe, akanyamaza."

"Ukamshika? Ulisikiliza kama anapumua?"

"Alinyamaza! Nikaogopa. Nikachukua viatu, nikavipeleka juu ya daraja, museme ameruka. Nikaviweka tu." Alitazama viganja vyake. "Kumbe mikono ilivigeuza tena. Sikujua."

"Ni wapi, Patient?"

Alitikisa kichwa. "Amekufa, dada. Ni nini tena?"

"Wewe si daktari. Kama amekufa, umeshafanya ulichofanya. Kama bado yu hai, maji yako kifuani pake sasa hivi, na wewe umekaa hapa na helmeti yake. Ni wapi?"

Gitau aligeuka nyuma. Alizungumza kwa mara ya kwanza, polepole. "Kaka. Tafadhali."

Patient aliifunika helmeti kwa mikono yote miwili, akainamisha uso juu yake.

"Kwa mawe ya feri," alisema. "Ile feri ya zamani za zamani, mbele hata ya daraja la kwanza. Juu, muto unapopinda. Kuna uzio, lakini umekatika."

*

Mahali hapo palikuwa upande wa juu wa mto, mbali na boti na wapiga mbizi wote. Kabla ya daraja la zamani, magari ya farasi yalivushwa hapo kwa feri. Kilichobaki ni mteremko wa mawe uliomezwa na matete, na magogo mawili ya nguzo zilizooza. Ujenzi ulipoanza walipazungushia uzio, watu wakapasahau.

Gitau alimkabidhi Patient kwa askari wa zamu, akaita gari la wagonjwa na boti kwa redio huku akikimbia. Zilpah alikuwa ameshatangulia. Alipenya kwenye uzio, waya ukamchana mkono wa koti. Matope yalimfika magotini, kisha maji yalimfika kiunoni, ya baridi, yanavuta.

"Symphorien!"

Mto ulinguruma. Kutoka darajani, mbali, kipaza sauti kilikuwa kinapimwa, moja, mbili.

"Symphorien! Sema kitu!"

"Kule," alisema Gitau nyuma yake. "Cheupe."

Kilikuwa kitambaa, kimefungwa kwenye gogo la nguzo. Chini ya kitambaa kulikuwa na mtu. Alikuwa amejifunga kwapani ili asisombwe, mguu mmoja umepinda vibaya na kunasa kati ya mawe ndani ya maji, damu imemkaukia sikioni. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alikuwa amefumba macho, na Zilpah alimfikia akidhani amechelewa. Akamwekea kiganja shavuni, macho yakafumbuka.

"Yu hai!" Zilpah alipiga kelele, na sauti yake ikapasuka. "Gitau, yu hai! Shika upande ule!"

Walimwinua kila mmoja kwa bega lake, kichwa kikae juu ya maji. Boti ilisikika ikipanda mto dhidi ya mkondo. Symphorien alikuwa anajaribu kusema. Zilpah alimsogezea sikio.

"Patient," alinong'ona. "Patient iko wapi?"

"Yuko juu, barabarani."

"Asante Mungu." Alifunga macho, akafungua. "Nilijua alienda kuita batu. Niliteleza, mama. Nilikuwa nafunga macho kwa sala, nikateleza. Nilisikia mukono yake kwa mugongo, alitaka kunishika. Hakuweza. Mi ni muzito."

Zilpah alimtazama Gitau juu ya kichwa cha mgonjwa.

"Simu ilikufa na maji. Usiku nilisema, amepotea njia. Uzio ni mingi. Atakuja." Meno yalikuwa yanagongana. "Mumuambie asilie, analia upesi. Mumuambie sala haijaisha. Nilikuwa nashukuru batu wote, nilimaliza wote, alibaki yeye tu. Kwetu mukubwa anatajwa mwisho."

Zilpah alikaza mkono wake chini ya kwapa la mtu yule, maji yakimpiga tumboni, akaitazama boti inavyokuja ili asitazame kitu kingine. Watu wa boti walirusha kamba. Machela ilishushwa.

"Dada Zilpah," Gitau alianza, chinichini. "Ile siku kule Bankstown, nilipomaliza ya jirani, nilipotazama meza yako, kiti kilikuwa..."

"Nyamaza, Gitau," alisema. "Shika machela kwanza."

Alisema hivyo kwa sababu machozi yalikuwa yamefika, na mguu wa mgonjwa ulikuwa bado umenasa kwenye mawe.